Kishikwambi Mkononi mwa Mwalimu: Ufundishaji Mseto na Ufaulu katika Shule za Kumsenga



Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu wa shule za umma. Mwaka huohuo gridi ya Taifa ya umeme ilifika Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Kwa kata kama Kumsenga, wilayani Kibondo, swali la vifaa limeanza kujibiwa. Lililobaki ni la ufaulu: mwanafunzi atajua nini leo ambacho jana hakukijua?

Vifaa pekee havitoi jibu: Peru iligawa kompyuta kwa watoto wa vijijini. Tathmini ya 2012 haikuona nafuu yoyote katika hisabati wala lugha. Jijini Delhi mambo yalikuwa tofauti. Programu ya Mindspark ilimpima kila mtoto na kumwanzishia pale alipokwama, huku msaidizi akifundisha vikundi vidogo. Kwa miezi minne na nusu tu, alama za hisabati zilipanda waziwazi. Mkisema Delhi ni mbali, tazameni Tanga. Hadi 2019, watoto wa vijiji karibu 170, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, walijifunza kwa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa karibu nusu.

Wizara ya Elimu ya Marekani nayo, mwaka 2010, ilikuta ufundishaji mseto, yaani kuchanganya mwalimu darasani na masomo ya kidijitali, unashinda ufundishaji wa ana kwa ana pekee. Lakini watafiti walionya: wanafunzi wa mseto mara nyingi walipewa pia muda na zana zaidi.

Basi twende darasani. Mwanafunzi wa Darasa la Tano anajumlisha theluthi moja na robo moja, anaandika 2/7. Amejumlisha juu, akajumlisha na chini. Kumrudishia somo zima hakumsaidii. Mwalimu awaweke wenye kosa hilo karibu na ubao, akate karatasi, awaonyeshe vipande. Wakati huo kundi jingine litazame somo lililokwisha kupakuliwa kwenye kishikwambi, la tatu lifanye mazoezi daftarini. Baada ya muda wabadilishane. Intaneti haihitajiki kipindi kikiendelea.

Kidato cha Kwanza faida inaweza kuwa kubwa zaidi. Mtoto aliyekua akizungumza Kiha na kusoma kwa Kiswahili anakutana na biolojia kwa Kiingereza. Mwalimu akishasema, maneno yamepita. Somo lililorekodiwa husikilizwa tena hadi lieleweke.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na Maafisa Elimu Kata: msihesabu vishikwambi vilivyomo kabatini. Tengeni vipindi vya makundi katika ratiba, pimeni wanafunzi kila mwezi, na mpeni mwalimu muda wa kusahihisha makosa. Pasipo hayo matatu, huenda kishikwambi kisiongeze hata alama moja.