Mila Inamlinda Nani? Funzo la Mchezo Mmoja wa Kikantoni

(Yafuatayo ni mazungumzo kamili kuhusu mchezo wa televisheni uliotengenezwa Hong Kong mwaka 1983.)



Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake". Watazamaji wengi waliupenda kwa sababu mambo yake yalikuwa ya nyumbani: mkwe na mke wa mwanawe, na mume aliyebanwa katikati. Mchezo ule ulikuwa wa maisha ya siku hizi, na asili yake ulikuwa kwa lugha ya Kimandarini. Lakini China ni nchi ya lugha nyingi. Kusini mwake, katika sehemu kubwa ya Guangdong na katika Hong Kong, wananchi husema Kikantoni. Michezo ya lugha hiyo ina historia yake, na mingi inayokumbukwa zaidi ni ile ya enzi za wafalme, ambamo watu huvaa mavazi marefu, hubeba panga, na huapa viapo ambavyo kuvivunja ni fedheha kuliko kifo.

Mazungumzo haya yanahusu mmoja wa michezo hiyo. Kwa Kimandarini jina lake ni Shendiao Xialü, maana yake ikiwa ni "Tai wa Ajabu na Wapenzi Mashujaa". Ni kisa cha mapenzi yaliyokatazwa. Hata hivyo, aliyeutazama kwa makini hubaki na swali lililo kubwa kuliko mapenzi yenyewe, nalo ni hili: mila inapomhukumu mtu, inamlinda nani?

CHIMBUKO LA MCHEZO

Mwaka 1959 mwandishi Louis Cha, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jin Yong, alianzisha gazeti la Ming Pao huko Hong Kong pamoja na mwenzake. Tangu toleo la kwanza la gazeti hilo, riwaya hii ilianza kuchapishwa kipande kwa kipande, ikaendelea hadi mwaka 1961. Mtu huyo mmoja aliandika tahariri za mambo ya dunia na pia kisa cha mashujaa wa kale, na wasomaji walisubiri vyote viwili.

Mwaka 1976 kituo kimoja cha televisheni cha Hong Kong kiliigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1983 kituo cha TVB, kilichoanza kutangaza mwaka 1967, kiliutengeneza upya katika sehemu 50. Kijana Andy Lau alicheza nafasi ya Yang Guo, na Idy Chan akacheza nafasi ya Xiaolongnü. Kanda za michezo ya namna hiyo zilisafiri hadi kwa Wachina waishio Malaysia, Singapore na Marekani. Mwaka 1995 TVB ikautengeneza tena, kwa wachezaji wengine.

KISA CHENYEWE

Kisa kinatokea katika karne ya 13, wakati nasaba ya Song ya Kusini ilipokuwa ikishambuliwa na majeshi ya Wamongolia. Yang Guo ni yatima. Baba yake alikufa akiwa na jina la msaliti, na aibu hiyo mtoto ameirithi kama watu wengine wanavyorithi shamba. Guo Jing, rafiki wa ukoo huo, anampeleka katika hekalu la watawa wa dini ya Dao katika milima ya Zhongnan ili akafundishwe. Mwalimu anayepewa anamchukia. Anamkaririsha maneno ya mafunzo bila kumwonyesha namna ya kuyatumia, na siku ya kupimana nguvu mtoto anapigwa na wenzake mbele ya watu wote.

Yang Guo anatoroka. Anapokewa katika kaburi la kale lililo karibu na hekalu hilo, ambamo anaishi msichana Xiaolongnü pamoja na bibi aliyemlea. Bibi huyo anauawa na mmoja wa watawa, na kabla ya kukata roho anamsihi msichana amtunze yatima. Xiaolongnü anakubali, anamfanya kuwa mwanafunzi wake, naye anamwita mwalimu. Amemzidi umri kwa miaka michache tu. Wanakua pamoja, mbali na watu, na hatimaye wanapendana.

Hapo ndipo penye mgogoro. Katika mafundisho ya kale ya Kichina, mwalimu aliwekwa katika safu moja na mbingu, ardhi, mfalme na wazazi. Wachina husema kwamba mwalimu wa siku moja ni baba wa maisha. Kwa hiyo mwanafunzi kumwoa mwalimu wake kulihesabiwa kuwa sawa na kuoana kwa maharimu.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Katika karamu kubwa ya mashujaa, vijana hawa wawili wamekwisha kuokoa heshima ya wenyeji mbele ya wapiganaji waliotumwa na Wamongolia. Ukumbi mzima unawashangilia. Guo Jing anasimama na kutaka kumwoza Yang Guo binti yake. Xiaolongnü, ambaye hakukulia katika miji ya watu na hajui kuficha neno, anasema wazi kwamba mume wa mtu ni huyo na mke ni yeye. Ukumbi uliokuwa ukishangilia unanyamaza. Guo Jing anauinua mkono ili amuue kijana aliyempenda kama mwanawe, kisha anaushusha.

NANI ALIYEVUNJA MILA?

Ndugu Wasikilizaji, uzito wa tukio hilo unatokana na tabia ya Guo Jing mwenyewe. Yeye si mtu mwovu. Ni mzalendo anayeulinda mji wa Xiangyang kwa nguvu zake zote. Anaamini kwa moyo safi kwamba anatimiza wajibu. Mwandishi angeweza kumpa kazi hiyo mtu katili, na watazamaji wangemchukia na kulala usingizi. Badala yake aliuweka upanga wa mila mikononi mwa mtu mwema, ili ionekane kwamba wema peke yake hautoshi mtu asipoichunguza sheria anayoitekeleza.

Hebu ichunguzwe basi. Mila ile ilisema kwamba mwalimu ni mzazi. Je, mtawa aliyemchukia yatima na kumwacha apigwe alikuwa mzazi? Kijana anaitwa mwasi kwa kumkimbia, lakini mwalimu haulizwi alifundisha nini. Tena kuna mtawa mwingine aliyemnajisi Xiaolongnü usiku, wakati alipokuwa hawezi kujitetea, akanyamaza, akaendelea kuheshimiwa hekaluni. Mila iliyowatafuta wapenzi kwa taa haikumwona mtu huyo. Hukumu yote ilimwangukia yatima asiye na ukoo na mwanamke asiye na mtetezi.

Jin Yong mwenyewe, katika maelezo aliyoyaandika baadaye mwishoni mwa riwaya, alieleza kwamba alikusudia kuonyesha jinsi desturi zinavyoifunga mioyo na matendo ya watu. Alisema kwamba desturi ni za muda, ingawa zinapokuwapo zina nguvu kubwa katika jamii.

Katika kisa, nguvu hiyo inawatenganisha wapenzi zaidi ya mara moja. Xiaolongnü anaondoka usiku akiamini kwamba akibaki atamharibia kijana maisha. Yang Guo anakatwa mkono na binti yule yule aliyetaka kuozwa. Baadaye Xiaolongnü, akiwa na sumu mwilini, anajitupa gengeni na kuacha maandishi ya kumtaka mwenzake amsubiri miaka 16. Yang Guo anasubiri. Katika miaka hiyo anazunguka nchi akiwasaidia wanyonge, na mwishowe wanakutana tena wakiwa hai. Ni yeye, mtu aliyetengwa, anayemuua mfalme wa Wamongolia mbele ya Xiangyang. Historia yenyewe ilikuwa nyingine: Möngke Khan alikufa mwaka 1259 katika vita vya Sichuan, na Xiangyang ukaanguka mwaka 1273. Lakini maana ya kisa ni dhahiri: jamii iliyomfukuza ndiyo iliyomhitaji.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Bila shaka wako watakaosema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba mchezo huu unawafundisha vijana kudharau wakubwa. Wengine watauliza kama unahalalisha walimu kuwachumbia wanafunzi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Shule za leo zinawakataza walimu kufanya hivyo, na zina haki. Lakini sababu ya katazo hilo ni kumlinda mwanafunzi dhidi ya mtu mwenye mamlaka juu yake. Katazo la enzi ya Guo Jing lilikuwa na sababu nyingine: lililinda cheo cha mwalimu, hata kama mwanafunzi angekufa. Makatazo mawili yanaweza kufanana kwa maneno na kupingana kwa shabaha.

Jambo hili halikuwa hadithi tupu kwa watu wa Hong Kong. China Bara ilitoa Sheria ya Ndoa mwaka 1950, ikapiga marufuku ndoa za kulazimishwa na kuweka masuria. Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza, iliendelea kutambua mila za enzi ya nasaba ya Qing kwa wakazi wake wa Kichina. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba inaheshimu desturi za wenyeji. Jumuiya za wanawake zilipigania mabadiliko kwa miaka mingi, na mpaka tarehe 7 Oktoba 1971 ndipo kuchukua suria kulipokoma kutambuliwa kisheria. Kwa hiyo wasomaji wa mwaka 1959 waliisoma riwaya hii katika mji ambamo mwanamume mwenye mke aliruhusiwa kuongeza suria kwa jina la mila. Wengi waliotazama mchezo mwaka 1983 walikuwa na mama au bibi waliozijua ndoa hizo kwa machozi yao wenyewe. Walipomwona Xiaolongnü akisimama mbele ya wakubwa na kutamka jina la mume aliyemchagua, walijua thamani ya neno lile.

Ndugu Wasikilizaji, mila njema haiogopi kuulizwa. Ikiulizwa inamlinda nani, itamwonyesha mtoto, mjane, mgonjwa au mnyonge aliye salama kwa ajili yake. Mila ambayo ikiulizwa inaweza kuonyesha vyeo vya wakubwa tu haina budi kurekebishwa, na kazi ya kuirekebisha ni ya wale wanaoipenda, kama vile Guo Jing alivyopaswa kuushusha mkono wake bila kungoja miaka 16 kujua kijana yule alikuwa mtu wa namna gani.