Kilichotolewa Bure



Injili ya Dominika ya leo, katika sura ya kumi ya Mathayo, yatuonyesha Bwana akiwatuma mitume wake kwenda kuwaponya wagonjwa. Kabla hawajaondoka awapa agizo moja: uwezo walioupokea bila kulipa, nao wautoe bila kudai malipo. Agizo hilo tusiliache lipite upesi, maana sisi wa Tabora twaishi kando ya njia ambayo kwa miaka mingi ilifuata kanuni iliyo kinyume chake.

Njia hiyo twaijua sote. Ilianzia Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ilitembea miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu frasila mbili mabegani, wakapata ujira wao. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao wenyewe walikuwa bidhaa. Nguvu za mtu zilipigiwa hesabu, na umri wake ukatiwa bei. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Si kale sana, basi, tangu mwili wa binadamu ulipokuwa na bei katika ardhi hii.

Sasa tuwasimulieni jambo. Usiku mmoja tuliitwa hospitalini kumpa Mpako wa Wagonjwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Ndugu zake walikuwa mbali, ng'ambo ya Malagarasi, na mumewe damu yake haikulingana na ya mkewe. Katika jokofu zilikuwamo chupa mbili zilizomfaa. Alitiwa zote mbili. Alfajiri aliomba uji.

Baada ya majuma kadhaa yule mume alirudi na jogoo mkononi. Alitaka kujua ni nani aliyetoa damu ile, apate kumshukuru. Muuguzi akamwambia kwamba jina la mtoaji halitajwi. Yule bwana akasimama kimya na jogoo wake, kisha akatuuliza: "Baba, sasa nimlipe nani?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali la Injili ya leo. Deni la sokoni lina mwenyewe. Ukimlipa, mambo yamekwisha. Lakini zawadi ya mtu usiyemjua hairudishwi ilikotoka. Haina pa kwenda ila mbele, kwa mhitaji mwingine. Yule mume alielewa. Alikuwa mtu anayeogopa sindano kuliko nyoka, hata hivyo aliketi, akafumba macho, akanyosha mkono. Jogoo alirudi naye nyumbani.

Leo, tarehe 14 Juni, ulimwengu wawakumbuka wachangia damu. Siku hii ilichaguliwa kwa kuwa ndipo alipozaliwa, mwaka 1868, Karl Landsteiner, tabibu aliyegundua makundi ya damu. Nasi twatoa shukrani kwa wote waliochangia: wanafunzi, askari, wakulima, mama lishe. Hamkuwajua mliowaokoa, nao hawawajui ninyi. Mungu awajua.

Wapo waliotoa hata zaidi ya damu. Mnamo Novemba 2017 figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 huduma hiyo ikaanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, katika Ugogo ile ile ya misafara. Mtu mzima wa afya amelazwa na kupasuliwa kwa hiari yake, ili ndugu yake mgonjwa ainuke. Ni upendo ulioje!

Lakini twajua pia hofu zilizomo nyumbani mwetu. Wengine husema damu ikitolewa haitarudi. Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano; anayechangia hutoa chini ya nusu lita, na mwili huanza kuirudisha mara moja. Mwanamume aweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Awe na umri usiopungua miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, na awe na afya njema. Wengine hungoja mpaka ndugu yao augue. Hao twawaambia kwa upole: damu hupimwa kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na kupima kwataka muda. Mama anayevuja damu hana muda huo. Na damu iliyohifadhiwa haikai mwaka. Baada ya majuma machache haifai tena. Kwa hiyo wanaotoa mara kwa mara ndio wanaohitajika.

Tena yeyote anayedai fedha kwa ajili ya damu au kiungo cha mwili, na ajue kwamba anaturudisha katika soko lile la minyororo. Tusimfuate.

Basi juma hili, wenye afya miongoni mwetu twende tukajiandikishe. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo chake cha Kanda ya Magharibi hapa hapa Tabora. Anayeogopa na aende na mwenzake. Asiyeweza kutoa, kwa umri au ugonjwa, amsindikize anayeweza.

Tuombe. Ee Baba, uliyetupa uhai pasipo kutudai bei, wabariki wote waliotoa sehemu ya miili yao kwa ajili ya wenzao. Utuondolee woga na uchoyo. Na katika njia hii ambamo watu waliuzwa, utujalie sisi tujitoe bure. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.