Kabla Hujaizima Simu ya Zamani

Hotuba kwa wafanyabiashara wa Kawangware



Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Niliibiwa simu ndani ya matatu nikitoka mjini kwenda Kangemi. Laini niliifungisha siku hiyohiyo, kisha nikanunua simu nyingine Luthuli Avenue. Nikaandika neno la siri la barua pepe, nikaambiwa nambari ya uthibitisho imetumwa kwa laini yangu. Laini gani tena?

Asubuhi nilikwenda kuomba laini nyingine yenye nambari ileile. Jina halikulingana na kitambulisho changu, kwa sababu miaka ya nyuma kaka yangu ndiye aliyenisajilia, naye yuko Busia. Nikasubiri mpaka asafiri, karo ya mtoto ikiwa imekwama ndani ya M-Pesa.

Nilikasirika sana. Lakini fikirini: ningepewa laini bila kuulizwa kitambulisho, mwizi naye si angepewa? Kufuli halimjui mwenye nyumba, linajua ufunguo tu. Basi tutunze funguo.

Kwanza, ukiwa na laini ya Safaricom, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotumia haimo, rekebisha usajili sasa, ukiwa bado unayo mkononi.

Pili, akaunti ya Google yenye uthibitisho wa hatua mbili hukupa nambari 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, uziweke nyumbani pamoja na vyeti. Usiziweke ndani ya simu. Ikiibiwa, zimekwenda nayo.

Tatu, usiuze simu ya zamani kabla barua pepe, WhatsApp na benki hazijafunguka kwenye mpya. Ndipo uondoe akaunti yako na kufuta kila kitu. Ukiisahau humo, anayenunua huenda akafungiwa nje.

Nne, nambari ya uthibitisho ni yako peke yako. Usimsomee fundi anayekusaidia, wala anayepiga akidai anatoka kaunti. Afisa wa kweli hana haja nayo.

Leo, kabla hujafunga kibanda, piga *106#. Mimi nilichelewa, nikalipia nauli ya Busia kwenda na kurudi.