Mkopo wa Kompyuta: Maneno ya Kamati ya Mikopo



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, sanduku letu la kufuli tatu likiwa zima. Habari za kuku, alizeti na vitunguu mmekwisha kuzisikia leo. Sisi wa kamati ya mikopo tumeomba nafasi tuseme jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto, nalo ni gemu.

Mwaka jana mwanachama mwenzetu alileta ombi la mkopo amnunulie bintiye kompyuta iliyotumika. Binti amemaliza kidato cha sita, anataka kujifunza kutengeneza magemu. Jamani, tulicheka! Magemu tunayoyajua sisi ni yale ya mabandani, watoto wanakomalizia hela ya chumvi. Tukaandika kitabuni: "Si mradi wa uzalishaji." Kikao hichohicho tulipitisha mkopo wa sare za harusi.

Baadaye tukasimuliwa habari za Lual Mayen. Huyu ni kijana wa Sudan Kusini, alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Kompyuta aliiona mara ya kwanza mwaka 2007, wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa. Akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama huyo, ambaye alikuwa akishona nguo, hakucheka kama sisi. Aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu, zikatimia dola 300, akamnunulia. Hebu pigeni hesabu, akina mama: hiyo ni migao yetu mitatu ya mwisho wa mwaka! Na umeme ulikuwa shida, kijana akitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuchaji. Mwaka 2016 alitengeneza gemu lake, Salaam, yaani amani, linalohusu mkimbizi anayekimbia vita. Leo yuko Marekani, kampuni yake inaitwa Junub Games, na mwaka 2018 alitambuliwa katika hafla ya The Game Awards.

Hapo jirani Kenya, Wesley Kirinya alitoa gemu lake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007.

Kumbe gemu ni kazi ya mafundi wengi. Yupo anayebuni hadithi, anayechora, anayetia sauti, anayeandika programu, hata anayecheza ili kutafuta makosa tu (kazi hiyo wanetu wangeigombania). Programu za kufanyia kazi, kama Godot na Blender, ni za bure. Kinachogharimu ni mashine, umeme na bando. Hesabu nayo haikwepeki.

Hatuwadanganyi, ajira za namna hii hapa nchini ni chache mno, na gemu la kwanza laweza lisirudishe hata hela ya bando. Ila anayejua kuandika programu anaweza kutengenezea duka au shule mfumo wa mahesabu huku gemu lake likisubiri. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho si mbali na sisi, kinafundisha mambo ya kompyuta.

Mwenzetu tumemwomba radhi, na ombi lake tumelirudisha mezani. Dhamana ni hisa zake na wadhamini wawili; marejesho yatatoka kwenye genge lake la mboga, si kwenye gemu. Mdhamini mmoja bado hajapatikana. Kikao ni Jumamosi, saa nane mchana.