Deni la Benki na Haki ya Kutoka Nchini

Tarehe 2 Machi 2016 mfanyabiashara Vijay Mallya aliondoka India kwenda Uingereza, akiyaachia mabenki mzigo wa madeni ya shirika lake la ndege, Kingfisher. Wiki moja baadaye mabenki hayo yalifika Mahakama ya Juu kuomba azuiwe kusafiri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali akalazimika kueleza kwamba mtu mwenyewe alikwisha kuondoka. Januari 2018 mfanyabiashara wa almasi, Nirav Modi, naye aliondoka kabla Benki ya Taifa ya Punjab haijapeleka malalamiko yake kwa wapelelezi. Umma ulikasirika, na ulikuwa na kila sababu, kwa kuwa fedha za benki ni akiba za watu. Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilirekebisha waraka wake wa 2010 wa maagizo ya kuzuia wasafiri na kuwapa wakuu wa mabenki ya umma uwezo wa kuomba mdaiwa azuiwe mpakani na maofisa wa Uhamiaji. Nashikilia kwamba uwezo huo haukustahili kuwa mikononi mwao. Mdai, hata awe benki ya taifa, hana haki ya kumfungia mtu mpaka bila kupitia kwa hakimu.

Haki ya kutoka nchini haikuanza kujadiliwa na kina Mallya. Mahakama ya Juu ya India iliitambua mwaka 1967 kuwa sehemu ya uhuru wa mtu, na katika shauri la Maneka Gandhi la 1978, lililohusu pasipoti iliyochukuliwa na serikali, ikaongeza kwamba uhuru huo hauondolewi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria, tena utaratibu wenye haki. Waraka wa wizara haujapita bungeni. Ndiyo maana tarehe 23 Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ilifuta maagizo yote yaliyotolewa kwa maombi ya mabenki ya umma. Sababu inayonigusa zaidi katika hukumu ile ni hii: masilahi ya kifedha ya benki fulani si masilahi ya uchumi wa taifa. Mtu aliyekopa benki binafsi na aliyekopa benki ya umma wanadaiwa sawasawa, lakini mmoja tu ndiye aliyeweza kuzuiwa uwanjani kwa barua ya mdai wake. Na huyo mara nyingi hakupewa hata nakala ya agizo. Alilijua akiwa mbele ya kaunta, begi mkononi. Wengine hawakukopa chochote, walimdhamini tu aliyekopa.

Wanaotetea waraka husema mahakama ni za polepole, na tajiri mwenye hila hasubiri tarehe ya kesi. Pingamizi hili ni zito, ila kisa cha Mallya chenyewe kinalipinga. Oktoba 2015 wapelelezi walikwisha kutoa agizo kwamba azuiwe akitaka kuondoka. Novemba wakalilegeza, likabaki la kuarifiwa tu safari zake. Uwezo wa kumzuia ulikuwapo, na walioushika ndio walioulegeza. Isitoshe, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya India ya 1908 inamruhusu hakimu kumtaka mdaiwa anayetoroka ili kukwepa kesi aweke dhamana, na kwa wakwepaji wakubwa bunge lilitunga sheria maalumu mwaka 2018. Hata hukumu ya Bombay haikugusa amri za zuio zilizotolewa na mahakama na mabaraza ya madeni. Benki ilichonyimwa ni njia ya mkato tu.

Tofauti kati ya asiye nacho na anayeficha haiwezi kupimwa na mdai. Mwaka 1980, katika kesi iliyoihusu Benki ya Cochin, Mahakama ya Juu ilikataa mdaiwa afungwe kwa sababu tu ameshindwa kulipa, ikikumbuka Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa. Tanzania na Kenya nazo zimeridhia mkataba huo. Ibara ya 17 ya Katiba ya Tanzania na ya 39 ya Katiba ya Kenya zinalinda haki ya kutoka nchini, na sheria zetu za mashauri ya madai zimechota sana kutoka ile ya India. Kwa hiyo swali hili ni letu pia, hasa kwa kijana mwenye mkopo aliyepata kazi ughaibuni: mshahara anaokwenda kuutafuta ndio unaoweza kulilipa deni. Mbele ya hakimu, benki ithibitishe kwamba safari ile inakwamisha ulipaji, na mdaiwa asikilizwe. Amri nayo iwe na kikomo. Urusi ilikuwa ikiwawekea wadaiwa zuio la miezi sita na kulirudia pasipo kueleza sababu, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba kurudia huko kunavunja haki. Kila zuio linapoisha, ni benki inayopaswa kurudi mahakamani na ushahidi mpya.