TAARIFA KWA WANACHAMA: Shirika la umeme lipate faida pia linapotusaidia kubana matumizi



Haya ni maandishi ya mada tuliyoitoa kwenye mkutano wa tawi Jumapili iliyopita. Wengi mlikuwa kwenye shughuli zenu mkaomba tuirushe hapa. Tunaomba muisome hadi mwisho, kwa sababu kuna azimio linalohitaji sauti zenu kabla ya mkutano wa kata.

Tuanze na nyumba tunayoijua sote. Vyumba sita, wapangaji sita, mita moja ya LUKU, na ugomvi usiokwisha: nani kachangia, nani ana friji, nani kapiga pasi usiku. Tuchukulie kila chumba kina balbu moja ya zamani ya wati 60 inayowaka saa tano kwa siku. Balbu hiyo inakula uniti 9 kwa mwezi. Sita zinakula uniti 54. Tukizitoa zote tukaweka za LED za wati 9, ambazo mwanga wake ni karibu uleule, zote sita zinakula uniti 8 tu. Tumeokoa uniti 46 kwa mwezi na hakuna aliyekaa gizani.

Sasa tuangalie bei. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Akipita hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida wa T1 analipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Nyumba yetu ikiwa T1 na ikitumia uniti 110, inalipa shilingi 32,120. Ikishuka hadi uniti 64 na ikakubaliwa kuingia D1, inalipa shilingi 6,400. Kila mpangaji anabakiwa na zaidi ya shilingi 4,000 mfukoni, kila mwezi.

Hapo ndipo siasa inapoingia, ndugu zangu. Fedha iliyobaki mfukoni mwa mpangaji imetoka kwenye mapato ya shirika. Shirika lolote linaloishi kwa kuuza uniti haliwezi kushangilia mteja anapopunguza uniti. Hatusemi watumishi wa TANESCO ni wabaya. Tunasema utaratibu umewaweka mahali ambapo wakitusaidia, wao wanaumia. Muuza mchele hawezi kukufundisha kula kidogo. Kwa hiyo matangazo ya "zima taa usipoihitaji" hayatoshi. Kinachotakiwa kubadilika ni namna shirika linavyopata mapato yake.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na tunaweza kujifunza kwao.

Jimbo la California, Marekani, mwaka 1982 lilianza kutenganisha mapato ya makampuni ya umeme na idadi ya uniti wanazouza. Msimamizi wa bei anapanga mapato halali ya kampuni kwa mwaka. Ikiuza pungufu, bei inarekebishwa kidogo ili pengo lizibwe. Ikiuza zaidi, ziada inarudi kwa wateja. Kampuni haina tena sababu ya kuogopa mteja anayebana matumizi.

Brazil ilipita njia ya sheria. Tangu mwaka 2000, makampuni ya kusambaza umeme yanalazimika kutenga sehemu ya mapato yao kwa miradi ya kupunguza matumizi. Mwaka 2010 likaongezwa sharti kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo iende kwa wateja wa kipato cha chini.

India mwaka 2015 ilianza kununua balbu za LED kwa wingi kupitia kampuni ya serikali. Bei ya kununulia ilishuka kutoka rupia 310 hivi mwaka 2014 hadi chini ya rupia 40 miaka michache baadaye. Katika baadhi ya majimbo mteja alitanguliza rupia 10, nyingine akalipa kidogo kidogo kwenye bili yake. Zaidi ya balbu milioni 360 zimegawiwa.

Na Ghana, Waafrika wenzetu, mwaka 2007 walipobanwa na uhaba wa umeme, waligawa bure balbu milioni 6 za kubana matumizi. Mahitaji ya saa za jioni yalipungua kwa takriban megawati 124.

Kwenye mkutano yaliulizwa maswali mawili mazito, nayo yanastahili majibu ya kweli.

*Swali la kwanza:* Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Umeme upo. Kwa nini tubane?

Ni kweli, na bwawa lile ni mali yetu. Lakini umeme kuwepo bwawani hakupunguzi bei kwenye LUKU yako, na transfoma ya mtaa iliyozidiwa jioni haipumui kwa sababu Rufiji kuna maji. Isitoshe, mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mama anayenunua mkaa hatahamia kwenye jiko la umeme kama uniti zake zinaishia kwenye balbu mbovu na friji la mtumba lililochoka. Uniti 46 tulizookoa kwenye ile nyumba zinaweza kuivisha maharage. Tunabana kwenye taa ili tupikie.

*Swali la pili:* Shirika likifidiwa, si bei ya uniti itapanda kwa wote?

Inaweza kupanda kidogo, na hatutawaficha. Aliyebadilisha vifaa atalipa kidogo kwa jumla, kwa sababu uniti zake zimepungua. Ambaye hakupata kitu ataumia. Ndiyo maana tunasema msaada uanze kwa wanyonge: wapangaji, wajane, wastaafu, mama lishe. Ukianzia kwa wenye nyumba za kiyoyozi, maskini ndiye atakayewalipia.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza tawi lipeleke mambo manne kwenye mkutano wa kata, nayo yapande hadi kwa wabunge wetu:

1. Shirika lipewe lengo la kila mwaka la uniti zitakazookolewa na wateja, lipimwe na mtu asiye wa shirika, na matokeo yatangazwe hadharani.

2. EWURA, ambayo ndiyo inayoidhinisha bei, iweke utaratibu wa mapato yasiyotegemea uniti zilizouzwa peke yake, na shirika likifikia lengo lipate nyongeza.

3. Balbu za LED na majiko ya presha ya umeme vikopeshwe kupitia LUKU. Mfumo huo tayari unajua kukata deni mteja anaponunua umeme. Ukweli wa mkopo uandikwe wazi: bei, makato na siku ya mwisho.

4. Nyumba za wapangaji zisaidiwe kupata mita ya kila mpangaji kwa gharama nafuu, ili anayebana aone faida yake mwenyewe na ugomvi wa uani uishe.

Wakati tunadai, nasi tuna kazi. Wiki hii kila mwanachama ahesabu balbu za zamani nyumbani kwake na kwa jirani mmoja, aandike pia kama mita ni yake au ya kuchangia. Majina hayahitajiki, idadi inatosha. Tukienda kwenye kata na hesabu ya mtaa wetu, hakuna atakayesema tunapiga porojo.

Tuma hesabu yako kwa Katibu wa Tawi kabla ya Ijumaa jioni, pamoja na neno NAKUBALI au SIKUBALI. Asiyekubali aandike na sababu yake, tutaisoma mkutanoni kama ilivyo.

Msomee na asiye na simu.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.