Mkono Una Mwenyewe

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tumezoea kukutana hapa tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo ya kikundi. Leo vikundi vyenyewe vimetuomba tuzungumze juu ya kitu kinachobomoa hayo yote usiku mmoja, nacho ni kupigwa nyumbani. Wengine watanong'ona, "Hayo ni mambo ya chumbani, si maendeleo." Haya basi, tuulizane. Mama aliyevunjwa mkono atapalilia na nini? Mama anayeogopa kurudi nyumbani siku ya zamu yake ya mchango, kwa sababu pesa hizo zitazua vita, atalipa karo vipi? Na mtoto aliyelala kwa jirani akilia, mwalimu atamfundisha nini asubuhi? Hayo ndiyo maendeleo yenyewe.

Tena si jambo la nyumba moja au mbili. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya, kati ya kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 34 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Kwa wanaume walikuwa 27. Wanaume hao si wote waliopigwa na wake zao, kwani mwanamume hupigwa pia na wazazi, na walimu, na wanaume wenzake. Lakini kwa wanawake waliowahi kuolewa, mtu aliyetajwa zaidi ni mume, wa sasa au wa zamani. Kwa hiyo leo tutasema sana juu ya mume. Mama anayempiga mzee wake naye asijifiche nyuma ya hotuba hii. Neno letu ni lake pia.

Neno lenyewe ni fupi: mkono una mwenyewe.

Maneno ya kujificha

Sikilizeni vile watu husema kesi ikifika kwa wazee. Mzee anaulizwa, "Ilikuwaje?" Anajibu, "Shetani alinipitia." Mwingine anasema, "Hasira ilinishika." Mwingine, "Ilikuwa ni pombe." Mwingine, "Mkono uliniponyoka tu." Na yule mjanja kabisa anasema, "Tulikosana kidogo."

Yaangalieni vizuri maneno hayo. Aliyefanya kazi ni shetani, ni hasira, ni pombe, ni mkono. Yeye mwenyewe hayumo! Alikuwa wapi basi? Na huyo anayesema "tulikosana," amemwingiza mke wake ashike nusu ya ngumi ambayo hakuipiga. Hakuna hata mmoja aliyesema maneno mawili rahisi: "Mimi nilimpiga."

Hii si desturi mpya. Someni Mwanzo sura ya 3. Adamu alipoulizwa na Mungu alimwonyeshea mke wake kidole, na mke akamwonyeshea nyoka. Lakini mwishowe kila mmoja alipewa hukumu yake mwenyewe. Kidole hakikumwokoa Adamu. Hakitamwokoa mzee wa boma lolote hapa kwetu.

Tuzipime hizi sababu

Tuanze na pombe. Mtu amelewa. Anatoka kilabuni, anapita kwa chifu, hampigi. Anapita dukani kwa yule anayemdai, hampigi, tena anamsalimia kwa heshima. Anakutana na askari barabarani, anatembea wima. Anafika nyumbani, hapo ndipo pombe inamwamuru apige! Jameni, hii ni pombe gani inayojua milango? Ukweli ni kwamba pombe hupunguza aibu na kuongeza ukali. Hilo hatukatai, na mlevi asaidiwe aache. Lakini hata akiwa mlevi anajua ni nani anayeweza kumpiga asiulizwe. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, sura ya 63, kifungu cha 13, inasema kwamba ulevi si utetezi wa kosa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Aliyejinywea mwenyewe atajibu mwenyewe.

Hasira nayo? Hasira ni ya kila mtu. Mkubwa wako wa kazi akikutukana mbele ya wenzako, hasira inapanda mpaka masikio yanawaka. Lakini unameza mate na kuendelea na kazi. Basi unaweza! Tena wako wanaopiga mgongoni na mapajani, mahali ambapo nguo hufunika, ili kanisani pasionekane kitu. Mtu aliyeshindwa kabisa na hasira hachagui mahali pa kupiga. Anayechagua mahali bado anajitawala, naye ametumia kujitawala kwake kufanya ubaya.

Halafu mdomo wa mwanamke. Hapa wazee hutabasamu. "Na akinichokoza je?" Tunajibu wazi. Mke anaweza kuwa na makosa. Anaweza kutukana, anaweza kuficha pesa, anaweza kukosa uaminifu. Kwa makosa yake atajibu yeye, mbele ya Mungu, mbele ya jamaa, na hata mbele ya korti ikibidi. Neno alilolitamka ni lake. Lakini kofi ulilompiga ni lako. Kati ya neno lake na kofi lako pana nafasi, hata kama ni ndogo kama kupepesa jicho, na katika nafasi hiyo ungeweza kutoka nje, kukaa kimya, au kumwita mzee mwenzako. Kosa la mke halihamishi ngumi kutoka mkono wako kwenda kwake.

Mwisho ni desturi. Eti mke ni kama mtoto, hurudiwa. Eti asiyepigwa hapendwi. Mafundisho haya hayamo vichwani mwa wanaume peke yao. Katika utafiti kama ule uliofanywa mwaka 2014, wanawake 42 kati ya kila 100 walikubali kwamba kuna sababu inayompa mume haki ya kumpiga mke, kama kuunguza chakula au kutoka bila kumwambia. Wanaume waliokubali hivyo walikuwa 36 kati ya 100. Mwaona? Akina mama walikuwa wengi zaidi! Msichana amemwona mama yake akipigwa na nyanya yake akinyamaza, akadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Mahari hulipwa kwa kuunganisha jamaa mbili. Hakuna mzee mwenye heshima aliyehesabu ng'ombe akasema, "Na huyu mmoja ni wa ruhusa ya kumvunja meno."

Sheria na Neno la Mungu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutotendewa ujeuri wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjika. Tena kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ujeuri wa nyumbani. Kwa sheria hiyo aliyepigwa anaweza kuomba korti itoe amri ya ulinzi, na korti inaweza kumkataza mpigaji asimkaribie, hata kumtoa katika nyumba wanayoishi. Na anayemjeruhi mtu, hata akiwa ni mke wake wa ndoa, anaweza kufungwa hadi miaka mitano chini ya kifungu cha 251 cha sheria ya jinai. Akimwumiza vibaya zaidi, kifungo kinaweza kuwa kirefu kuliko hapo.

Kuna wanaopenda kufungua Waefeso sura ya 5 na kusoma mstari wa mke kutii, kisha wanafunga Biblia haraka. Waendelee kusoma. Mbele kidogo mume anaagizwa ampende mke wake kama mwili wake mwenyewe. Katika Wakolosai 3:19 waume wanakatazwa kuwa wakali kwa wake zao. Na nabii Malaki, sura ya 2, anawaonya wanaume wanaowatendea kwa hila wake wa ujana wao.

Kila mtu na mzigo wake

Tumesema mkono una mwenyewe. Je, sisi wengine tumeachiliwa? Hapana. Hatubebi lawama ya ngumi, lakini kila mmoja ana jambo la kujibu.

Mzee uliyempiga mke wako, kazi yako ya kwanza ni kusema bila kupamba, "Nilimpiga, na kosa ni langu." Usiongeze "lakini." Pili, chagua wazee wawili wasiokuogopa, uwaambie, nao wawe wakikuuliza kila mwezi. Tatu, jifunze kutoka nje mapema. Ukiona mkono unatetemeka, nenda uangalie ng'ombe. Mazungumzo ya pesa yasifanywe ukiwa umekunywa. Na usidai usamehewe kesho asubuhi kwa sababu umenunua nyama kilo moja. Toba huonekana kwa miezi na miaka.

Mama unayepigwa, sikia hili vizuri. Hukujipiga. Usitafute mchana kutwa ni neno gani ulilosema vibaya. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Weka kitambulisho chako, kadi za kliniki na vyeti vya watoto mahali unapoweza kuvifikia upesi. Ukiumizwa, nenda hospitali au dispensari, na uripoti polisi upewe fomu ya P3, ijazwe na daktari. Bila karatasi hiyo kesi nyingi hulegea kortini. Namba ya simu 1195 hupigwa bure usiku na mchana kwa msaada wa watu waliotendewa ujeuri, na namba 116 ni ya watoto. Kusamehe ni amri ya Bwana, lakini kusamehe si kurudi kulala mahali ambapo panga liko chini ya kitanda.

Wazazi, binti yenu akirudi nyumbani usiku na jicho limefura, msimwulize kwanza, "Ulimfanya nini?" Na msimrudishe kwa sababu mahari imekwisha liwa. Ng'ombe watalipwa. Maisha hayalipwi.

Wazee wa kijiji, kupatanisha ni kazi njema. Lakini kuna mapatano ambayo ni kula mbuzi tu. Mbuzi analiwa, soda zinanywewa, mama anafungwa leso mpya na kurudishwa, na baada ya wiki mbili tunaitwa kwenye mazishi. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, inakubali njia za jadi za kusuluhisha, ila zisikiuke haki za binadamu. Mtu akijeruhiwa, apelekwe kwanza kwa daktari na polisi. Mazungumzo ya wazee yafuate, si kuziba njia.

Majirani, tunajua kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini mayowe saa sita za usiku si siri tena. Nendeni wengi, mkapige hodi, hata mkisingizia mnaomba kiberiti. Mara nyingi hodi hiyo inatosha kumfanya mtu ateremshe fimbo.

Na nyinyi vikundi, hapa ndipo tunapowategemea. Mwanachama akikosa mikutano mitatu, kabla ya kumtoza faini, tumeni watu wawili wakamwone. Tengeni sehemu ndogo ya akiba yenu iwe ya dharura: nauli ya bodaboda kwenda hospitali, au mahali pa kulala siku mbili. Katiba ya kikundi iandike kwamba anayempiga mwenzake wa nyumbani hatachaguliwa kuwa kiongozi mpaka atengeneze mambo. Mtu hawezi kuweka hazina ya watu 30 na ya nyumbani kwake inalia.

Mwisho, ndugu zetu, tunawaomba jambo moja mwende nalo. Mkisikia tena mtu akisema "Shetani alinipitia," msimcheke, msimtukane. Mwulizeni kwa upole, "Na wewe ulikuwa wapi?" Mngojeeni ajibu. Siku atakapojibu, "Nilikuwa pale, na ni mimi," hiyo ndiyo siku boma lile litaanza kupona.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Hapa kwetu watu husema maneno gani ya kujificha wanapompiga mke, mume au rafiki? Yataje, kisha yasemeni upya mkianza na "Mimi."

2. Mwanachama wetu akipigwa usiku huu, atakimbilia kwa nani? Je, mtu huyo anajua?

3. Wavulana wetu wanajifunza nini kwa yale wanayoyaona nyumbani? Wasichana je?

4. Kikundi chetu kinaweza kutenga shilingi ngapi kila mwezi kwa ajili ya dharura, na nani atazitunza?